Gitaa Lisilo na Namba

Mpwa wangu alifika nyumbani kwangu Likombe Jumamosi moja alasiri, msimu wa korosho ukiwa umekwisha, amebeba begani mfuko mrefu mweusi. Aliniamkia, nikamwitikia, akaufungua mfuko wake juu ya mkeka barazani. Ndani yake mlikuwa na gitaa la umeme, jekundu, linalong'aa kama sahani mpya, pamoja na amplifaya ndogo ya wati 10. Alivinunua Kariakoo kwa fedha za korosho za mama yake, na bei ya vyote viwili haikufika shilingi laki nne.

"Mjomba," akaniambia, "muuzaji amenipa wiki moja. Likiwa na kasoro nilirudishe. Mama amesema useme wewe."

Wasomaji wa visiwani huenda wakastaajabu kuona mama yupo, baba yupo, na hukumu ya gitaa ikaachiwa mjomba. Huku kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba bado ana sauti katika mambo ya wapwa zake, hata yale asiyoyajua. Hili, hata hivyo, nilikuwa na ujuzi nalo kidogo. Baina ya mwaka 1989 na 1992 nilipiga gitaa la rithim katika bendi ya shirika moja la umma hapa Mtwara. Tangu bendi ile ivunjike sikushika tena gitaa la umeme. Maisha yalinipeleka kwenye mashairi na tafsiri, kazi ambazo vyombo vyake ni kalamu na kamusi.

Kabla ya kulipiga gitaa lile nililigeuza nikalitazama mgongoni. Kijana akaniuliza natafuta nini. Nilikuwa natafuta namba.

Gitaa nililolipiga mimi lilikuwa na namba ya ghala mgongoni, imeandikwa kwa rangi nyeupe, sawasawa na namba zilizoandikwa kwenye viti na makabati ya ofisi. Kabla ya dansi tulitia saini katika daftari. Baada ya dansi tulirudisha vyombo, na mtunza ghala akatia kufuli. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi. Aliyetaka kujizoeza siku nyingine alijizoeza kwa vidole juu ya ubao wa meza. Sisemi haya kwa kulalamika tu, maana pasipo shirika lile nisingelishika gitaa kabisa. Nayasema kwa sababu historia ya gitaa la umeme katika nchi yetu, kwa muda wa miaka isiyopungua 30, ni historia ya chombo ambacho aghalabu mpigaji wake hakukimiliki; na sijaona tukilizingatia jambo hili tunapoandika habari za dansi. Tunaandika majina ya waimbaji, mitindo, mashindano na ugomvi wa bendi. Gitaa lenyewe lilikuwa la nani, hatuulizi.

Natuanze mbali kidogo. Mtu aliyelipa gitaa la umeme umbo tunalolijua leo alikuwa fundi wa redio wa Fullerton, California, aitwaye Leo Fender. Yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alitoa sokoni gitaa la ubao mzima, lisilo na tumbo, ambalo sauti yake yote hutoka kwenye sumaku na waya. Wakati huo huo mji wetu wa Mtwara ulikuwa ndiyo kwanza unapimwa na kuchimbwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Bandari ya kina kirefu ikatubakia, na reli ya kwenda Nachingwea iking'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huko Fullerton wapigaji walimwendea Fender wakamlalamikia kwamba kingo za gitaa lake zinawachoma mbavu. Fender akawasikiliza. Mwaka 1954 alitoa gitaa jingine, Stratocaster, ambalo ubao wake umechongwa kwa nyuma pale unapogusa mbavu na kwa mbele pale mkono unapolala. Gitaa jekundu lililokuwa mkekani pangu ni nakala ya hilo la 1954, lililotengenezwa China bila ya jina ambalo mtu angelikumbuka.

Kwa hiyo hata hayo mabonde mawili katika ubao, ambayo mnunuzi wa Kariakoo huyadhania ni urembo, ni matokeo ya mpigaji kuwa na mahali pa kupeleka lalamiko lake. Kuna na mfano mwingine. Gitaa hilo lina pikapu tatu (wasomaji wasifikirie gari, mafundi wetu huita hivyo vile visanduku vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi), na swichi yake ya awali ilikuwa na vituo vitatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba wakiisimamisha katikati ya vituo viwili hupatikana mlio mwembamba, mtamu, wenye maji ndani yake. Wakawa wanaikwamisha swichi kwa makusudi, hata mwaka 1977 kiwanda kikakubali na kuweka vituo vitano. Mlio huo uliibwa na wapigaji kwanza, kisha ndipo ukahalalishwa.

Huku kwetu hakukuwa na wa kulalamikiwa. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na vyama hivyo vya awali viliishi kwa michango na viingilio. Umeme ulipoingia katika magitaa kwa wingi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, gharama ikapanda: si gitaa moja tu, bali magitaa matatu au manne, amplifaya, spika, vipaza sauti, na gari la kuvibeba. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaunda bendi yake, kikanunua vyombo na kuwalipa wanamuziki mshahara. Hilo lilikuwa jambo jema na la kibinadamu. Mwanamuziki, aliyekuwa akihesabiwa mhuni, sasa akawa mwajiriwa. Wengine wakafuata njia hiyo: polisi, jeshi, magereza, Vijana Jazz mwaka 1971, kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la mabasi la UDA, Shirika la Bima. Mlimani Park ilipoundwa mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana tunaitamka mpaka leo kwa herufi zile tatu, DDC.

Wenye bendi binafsi nao walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound ya Ndala Kasheba, akawavuta wanamuziki sita wa Mlimani Park, wakiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Bartazar, akaunda kikosi kipya kwa vyombo vyake. Magazeti na vijiwe viliuita uhamisho ule usaliti. Ukiutazama kwa jicho la chombo utaona kitu kingine: mwanamuziki alipohama alibeba koo lake na vidole vyake, na gitaa likabaki. Akifika kwenye bendi mpya anakabidhiwa gitaa la aliyetoka. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, watu waliona ushujaa katika nyimbo zake; mimi naona zaidi ushujaa wa kuanza bendi nzima upya, kuanzia kwenye waya.

Katika bendi yetu ndogo tulikuwa na mwenzetu mmoja wa mkono wa kushoto. Kwa kawaida gitaa la mtu huyo hugeuzwa na nyuzi zake zikapangwa upya. Mtunza ghala hakuruhusu mtu yeyote abadili mpango wa nyuzi, kwa kuwa gitaa lilipigwa na watu wawili kwa zamu. Basi yule bwana akajifunza kupiga kinyumenyume, nyuzi nene zikiwa chini na nyembamba juu, akawa hodari kutushinda sote. Vidole vyake vilikuwa na maumivu ambayo mimi sikuyaelewa mpaka nilipozeeka. Hakuna aliyemwuliza kama gitaa linamkaa.

Na nyuzi zenyewe! Mpaka wetu na Kenya ulifungwa baina ya mwaka 1977 na 1983, fedha za kigeni zikaadimika, na uzi wa gitaa ukawa kitu cha kuombwa kwa barua. Kila mpigaji wa rika letu anaijua habari ya waya wa breki ya baiskeli. Ulikuwa ukikata ngozi, nao hautulii katika sauti uliyoupa. Hata baada ya mambo kulegezwa zama za Rais Mwinyi, Mtwara ilikuwa mbali: Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu, na kabla ya hapo masika yalitukata na Dar es Salaam kwa wiki nyingi, tukawa tunangoja meli.

Sasa nirudi mkekani. Niliketi juu ya kigoda, nikalipakata gitaa. La kwanza nililolihisi ni wepesi. Ubao wake ni mti laini, wala hauna uzito wa lile la namba, lililokuwa likinivuta bega la kushoto mpaka alfajiri. Lile bonde la nyuma likanikaa mbavuni sawasawa. Shingo yake ni nyembamba, na kiganja changu kikaizunguka bila ya kidole gumba kuhangaika. Lakini nilipoteremsha mkono kuelekea tumboni mwa gitaa nikaguna: ncha za freti, vile vipau vya chuma vinavyogawa shingo, zilikuwa zimechomoza pembeni kama meno ya msumeno. Ubao ukikauka hunywea, chuma hakinywei, na kiwanda cha bei nafuu hakina muda wa kupiga tupa mara ya pili. Nyuzi nazo zilikaa juu mno. Kuubana uzi wa sita kulitaka nguvu za kukamua nazi.

Nikaupima usahihi wake kwa njia ya zamani. Unagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, ulipo katikati kabisa ya urefu wake, unapata mlio wa kengele. Kisha unaubana pale pale na kuupiga. Sauti hizo mbili zikiwa sawa, gitaa lina akili. Nyuzi tano zilikubali. Uzi wa tatu ulikataa, na kila nilipoukaza ulitoa kijisauti cha "tik" huko juu na kuruka kupita kiasi. Nikajua kosa si la uzi, bali ni la kile kipande chembamba cha plastiki kilicho juu ya shingo, chenye mifereji sita wanamopita nyuzi: mfereji wa tatu ulikuwa mwembamba kuliko uzi wake.

Kuhusu mlio, mimi kama mtu wa tafsiri napenda kusema kwamba lugha yetu ni tajiri hapa. Kuna mlio, mvumo, mrindimo, mwangwi, na mkwaruzo, na kila kimoja ni kitu chake. Tulipochomeka waya kwenye amplifaya tulipata kwanza mvumo: ule wa umeme wa nyumbani, mizunguko 50 kwa sekunde, ambao pikapu ya koili moja huunasa kama inavyounasa uzi. Nilipogusa nyuzi ukapungua. Nilipogeuka kuuelekea mlango ukabadilika. Pikapu ya nyuma, iliyo karibu na daraja, ilikuwa kali, inakwaruza sikio. Ya mbele ilikuwa nzito, yenye matope kidogo. Kisha nikaisogeza swichi kwenye kituo cha kati ya pikapu ya mbele na ya katikati. Mvumo ukatoweka, kwa kuwa koili hizo mbili zimesokotwa kinyume na zinafutana, na mlio ukatoka safi, mwembamba, wenye maji.

Nilinyamaza kidogo. Kipimo changu cha mlio, kama cha kila mtu wa umri wangu, ni Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko ndiko bendi zote zilikorekodi, na kwa miaka mingi bara hapakuwa na redio nyingine. Mlio ule tunaouita wa Kitanzania ulikuwa mlio wa magitaa manne: la rithim linashona chini, la kati linajibu, la solo linapita juu, na besi inatembea peke yake kama mtu mwenye shughuli zake. Hata taarabu ya Tanga, Black Star walipoingiza gitaa la umeme na besi miaka ya 1960, ilipata kitu cha mashono hayo. Hakuna gitaa lililosikika kwa ukubwa wake. Kila moja lilisikika kwa nafasi lililoachiwa na mengine. Na nafasi hiyo, yapasa nikiri, ililipiwa na mashirika. Magitaa manne katika chumba kimoja, watu wanne wenye mshahara, mwaka baada ya mwaka, si jambo ambalo fedha za korosho za mama mmoja zinaweza kulinunua.

Mpwa wangu hufanya mazoezi peke yake na simu. Huirekodi rithim, akaipiga tena huku akiongeza solo. Nilimwambia kwamba anajijibu mwenyewe, na kwamba mtu anayejijibu mwenyewe hakosolewi. Akacheka. "Mjomba, hao wenzangu watatu nitawapata wapi wenye magitaa?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko hoja yangu. Mashirika yalipofilisika au kuuzwa katika miaka ya 1990, vyombo vilipigwa mnada pamoja na viti. Vyombo vya bendi yetu viliuzwa kwa fungu moja. Aliyenunua alitaka spika.

Ndipo akanitamkia lililokuwa likimsumbua: kwamba gitaa lenyewe ni la Kichina tu, na wenzake wanamcheka. Nikamsimulia habari ya Gallotone. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa ya bei ya chini, na ndiyo yenye lebo iliyouza sahani za Jean Bosco Mwenda wa Katanga, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952. Ndani ya tundu la gitaa lao la Champion mlibandikwa karatasi ya dhamana kwamba halitapasuka. Kijana mmoja wa Liverpool alikuwa na gitaa hilo mwaka 1957, naye ni John Lennon. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja na nusu. Gitaa rahisi la Afrika lilikwenda kumfundisha Mwingereza. Si aibu la China likimfundisha mtoto wa Likombe.

Kilichoniudhi katika gitaa lile si China bali ni ubao wa vidole. Ulikuwa mti mwepesi uliopakwa rangi uonekane mweusi, na jasho la kiganja changu likaanza kuibandua. Hapa petu, Mtwara na Lindi, ndipo unapoota mpingo, mti ambao dunia huutumia kwa zumari zake za klarineti na oboi, na ambao mafundi magitaa wa kule huulipia fedha nyingi. Mwaka 2017 jamii yote ya miti hiyo, Dalbergia, iliwekewa masharti ya biashara ya kimataifa, viwanda vingi vya magitaa vikakimbilia miti mingine. Mwaka 2019 ala zilizokamilika zikasamehewa. Sharti na msamaha vyote viwili vilipita juu ya vichwa vyetu. Mpingo huondoka hapa ukiwa gogo, na gitaa huja likiwa na rangi ya mpingo.

Jumatatu tulikwenda kwa mchongaji mmoja wa Kimakonde ninayefahamiana naye. Nilimwomba kipande cha mpingo kisichozidi urefu wa kidole, katika vile vinavyobaki akichonga. Alikipima kile cha plastiki, akakata, akachimba mifereji sita kwa msumeno mwembamba. Cha kwanza kiliharibika: mfereji wa kwanza ulizama mno na uzi ukagusa freti ukawa unapiga kelele. Cha pili kilikaa. Ncha za freti tulizipiga tupa sisi wenyewe, jioni mbili, tukiwa tumeufunika ubao kwa utepe wa karatasi. Na kwa kijifunguo cha pembe sita tukazishusha nyuzi pale darajani mpaka kuubana uzi wa sita kukawa kazi ya kidole, si ya bega.

Nikatoa hukumu yangu siku ya tano: gitaa libaki. Linakaa mwilini, kituo kimoja cha swichi yake kina mlio wa kwetu, na kasoro zake tumezishika kwa mikono yetu. Uzi wa tatu sasa hudumu katika sauti yake tangu asubuhi hata magharibi. Pikapu ya nyuma bado ni kali. Nimemwambia ainunulie ustahimilivu, au aipunguze ukali kwa kitasa cha chini. Nyuzi azifute kwa kitambaa kikavu kila amalizapo, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma na chuma. Yeye amepata kibarua bandarini, na siku anazoshinda kazini, Jumanne na Alhamisi, huliacha gitaa kwangu.